Milimita Thelathini na Nne

4 Februari

Shemeji,

Najua utashtuka ukiona mwandiko wangu. Miaka sita hii tumeandikiana mara mbili tu, na zote mbili zilikuwa habari za ugonjwa wa Mama. Safari hii si za ugonjwa, ingawa miguu yake bado inavimba na pumzi inamkatikia akitembea kutoka chumbani hadi barazani. Nakuandikia habari za gari.

Gari la marehemu mume wangu, kaka yako, bado limo bandani. Tangu lilipovutwa kutoka pale konani, Mama hakutaka liguswe, na wewe siku ya tatu baada ya mazishi ulilifunika turubai kwa mikono yako, ukaenda zako huko machimboni. Sasa humo bandani ndimo ninamoshonea. Cherehani yangu iko hatua nne kutoka kwenye taa zake za mbele. Nimeshona sare za shule na magauni ya harusi miaka yote hii nikiwa na maiti mbele yangu, na mwaka jana nikachoka. Nikamwita jirani yetu mkereza vyuma, yule mliyempachika jina la Bwana Nati. Akanyoosha madigadi ya kulia, bati linalofunika gurudumu, na mlango, akabadilisha tairi lililopasuka, akasafisha tangi. Injini iliwaka siku ya pili, ikanguruma kama iliyolala usiku mmoja tu.

Ila halisimami sawasawa. Limeinama mbele, tena limelalia kulia. Bwana Nati anasema mambo ya kimo na mkao wa gari la namna hii anamjua mtu mmoja tu anayeyaweza, na mtu huyo ni wewe. Basi niandikie. Niandikie kama unamwandikia mtu asiyejua chochote ila anajua kupima. Nimepima viuno vya watu miaka ishirini. Nusu sentimita hainipiti.

Utauliza linanihusu nini. Nataka kuliendesha mwenyewe mara moja, nipite kona ile. Unakumbuka asubuhi ile niligombana na kaka yako kwa ajili ya gari hilohilo, nikamwambia, "Nenda nalo, na ukae nalo hukohuko." Mama alikuwa mlangoni, akasikia. Nusu saa haikuisha watu wakaja mbio na habari ya konani. Tangu siku hiyo Mama hajalitaja jina langu. Akitaka chumvi anauambia ukuta. Mimi na yeye tunakula sahani za chungu kimoja, kila mtu chumba chake.

Nataka niione kona hiyo kwa macho ya dereva. Basi.

Shemeji yako, Fundi Cherehani


17 Februari

Shemeji,

Barua huku zinaletwa na lori la maji kila Jumatano, ndiyo maana nimechelewa. Mimi mzima. Nashinda chini ya malori ya mawe, springi zao zinakatika kama njiti za kiberiti.

Ungeniuliza kabla ya kuanza, ningekushauri uliache lilivyo. Lakini nakujua, ukishashika mkasi hurudi nyuma. Sikiliza basi.

Kwanza sakafu. Weka pima maji pande zote. Pasipo sawa, tia kibao chini ya tairi. Upepo wa matairi uwe sawa kulia na kushoto. Mafuta nusu tangi. Kwenye kiti cha dereva weka uzito wa dereva, maana gari tupu linadanganya. Halafu lisukume mbele na nyuma mara tatu na ulikandamize kila pembe kwa mikono, springi zikae. Hapo ndipo upime: usianzie chini, anzia katikati ya gurudumu, panda wima hadi ukingo wa madigadi. Magurudumu manne, vipimo vinne. Kulia na kushoto visipishane zaidi ya milimita tano.

Ukiona linalala, kosa liko nyuma. Springi za nyuma ni zile za bapa, vyuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na zilikuwa zimechoka hata kabla. Zifungue, zisafishwe, zitiwe bushi mpya, vile vipete vya mpira vya kwenye ncha. Boliti za bushi usizikaze gari likiwa juu ya stendi. Likalishe chini kwanza ndipo ukaze, la sivyo mpira utajikunja na kimo kitakuwa cha uongo.

Springi za mbele usiziguse. Zile nilizifunga mimi mwenyewe, zilikuwa mpya, kaka alizitumia wiki mbili tu. Isitoshe kuzitoa ni hatari, springi iliyobanwa ikiponyoka inavunja taya.

Huko konani hakuna cha kuona. Ni kona kama kona nyingine. Msalimie Mama.

Shemeji yako, Fundi Springi


3 Machi

Shemeji,

Ahsante. Nimefuata kila neno. Kiti cha dereva nimekipakia magunia ya mchanga, kilo sabini na mbili, uzito wangu mwenyewe. Bwana Nati akasema huyu dereva anafaa, hana mdomo. Akatambua alichosema, akajifanya anatafuta spana chini ya meza. Nilimwachia aitafute.

Springi za nyuma tumezitoa, tumezisugua, bushi ni mpya, boliti tumezikaza gari likiwa chini. Nyuma sasa ni 350 kushoto na 348 kulia. Nilipiga vigelegele peke yangu.

Mbele ndiko kwenye kazi. Kushoto 322. Kulia 288. Nimepima mara tatu. Mara ya tatu nilimpa Bwana Nati rula yake ya chuma apime yeye na mimi nikatazama pembeni, akapata hivyohivyo. Milimita thelathini na nne, shemeji. Mteja wangu mwenye bega moja chini hivyo ningemshauri amwone daktari. Halafu kijitabu cha gari, nilichokikuta chini ya kiti, kinasema mbele iwe 370. Hata upande ulio mzima umekosa karibu sentimita tano. Najua kaka yako alitaka gari lilalie barabara, alinichosha na picha zake za magari yaliyolala. Lakini alitaka pande zote zilale sawa, hakutaka gari linalochechemea.

Bwana Nati anataka tutoe springi za mbele tuziangalie. Nimemwambia umekataza. Unasemaje?

Nikipata jibu lako nitalitoa barabarani. Udereva nimeshajifunza, kwa gari lake la kubebea vyuma. Usicheke.

Shemeji yako, Fundi Cherehani


8 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia kwa mkono wangu ujue bado naweza kushika kalamu. Nimesikia unamwandikia mwanamke huyu habari za gari. Nimesikia injini ikiwaka, nikadhani kaka yako amerudi, nikanyanyuka kitandani nikaanguka. Hakuna aliyekuambia hilo.

Sikukatazi kumjibu. Ila kumbuka ni nani. Ulimi hauna mfupa, lakini wa huyu ulimvunja mwanangu shingo. Mume anatoka nyumbani anaambiwa akae hukohuko, unadhani mkono wake utatulia kwenye usukani? Nilizaa wawili. Mmoja kapelekwa na maneno. Umebaki wewe, na wewe umejichimbia kwenye mawe kama uliyefanya kosa. Kosa lako nini? Rudi nyumbani kabla sijafa. Nataka unishike mkono wewe, asinishike yeye.

Mama yako


16 Machi

Shemeji,

Nimesoma vipimo vyako. Usihangaike na kulia. Gari lililogonga, chesisi yake, ile fremu ya chini, hupinda kidogo, na chesisi ikipinda kimo hakiwi sawa tena hata ulifanyeje. Ajali ndiyo iliyoleta hiyo thelathini na nne. Mwambie Bwana Nati akereze kipande cha chuma cha unene huo akitie juu ya springi ya kulia, kwa upande wa juu tu, bila kuitoa springi yenyewe. Litasimama sawa machoni.

Springi msizitoe. Nasema tena.

Ukiliendesha, zunguka uwanjani tu. Barabarani liache kwanza. Liache, shemeji, nakuomba. Matairi ya zamani hayaaminiki.

Fundi Springi


30 Machi

Shemeji,

Matairi ni mapya. Nilikuambia Bwana Nati alibadilisha lile lililopasuka. Mengine matatu tulibadilisha naye siku hiyohiyo. Nilipofika kwenye mstari huo wa barua yako nikaacha kusoma. Mtu anayejua kazi kama wewe hasemi ovyo. Nikaisoma upya toka juu, nikaona umeandika mara mbili springi zisitolewe.

Jumamosi asubuhi tulizitoa. Bwana Nati alitengeneza kibanio kwa boliti ndefu mbili, tukaibana ya kulia, tukaishusha polepole, mimi nimeshika jeki. Ilitoka bila kumuumiza mtu. Akaiweka juu ya meza yangu ya kukatia nguo, karatasi chini.

Kijitabu kinasema springi ya mbele ina mizunguko tisa. Nimehesabu kwa kidole. Ya kulia ina saba. Ya kushoto ina saba na nusu. Mwisho wake haukusagwa bapa kama springi ya kiwandani, umekatwa kwa moto, una matone ya chuma kama nta ya mshumaa. Bwana Nati akakwangua rangi nyeusi kwa wembe. Chini ya rangi chuma ni cha buluu, na ya kulia buluu imepanda mizunguko mitatu. Akaniambia chuma cha springi kikipashwa hadi kikawa chekundu ukakamavu wake unatoka. Kinakuwa chuma tu, kila ukikikandamiza hakirudi chote. Nikamuuliza, "Kona ikiwa ya kushoto, uzito unaangukia upande gani?" Akasema, "Kulia." Nikamuuliza, "Na springi ikilala kabisa?" Akasema, "Tairi linauma madigadi, mama." Halafu akakumbuka kwamba alipoyanyoosha yale madigadi mwaka jana, ndani yake alikwangua mpira mweusi uliogandiana kama lami. Alidhani ni wa siku nyingi.

Uliniandikia kwa kalamu yako kwamba zilikuwa mpya. Uliniandikia nitie kipande cha chuma juu yake ili lisimame sawa machoni. Ningekitia. Ningekaa mimi pale palipokuwa magunia, nikaenda konani.

Sikuulizi kama ni wewe. Nakuuliza ilikuwaje.

Fundi Cherehani


2 Aprili

Shemeji, lori la maji linaondoka sasa hivi, naandika nimesimama. Usiliendeshe. Sahau kipande cha chuma nilichokuambia, nilikosea. Usiliendeshe hata uwanjani mpaka nije mwenyewe. Sababu siwezi kuieleza hapa. Tafadhali.

F. Springi


13 Aprili

Shemeji,

Barua zetu zimepishana njiani. Ya kwangu ya haraka bila shaka umeipata. Usiihesabu kuwa ni kitu, ilichelewa miaka sita.

Ilikuwa hivi. Binamu yetu alikuwa anaoa Jumamosi, na kaka alitaka afike harusini gari likiwa limelala kama lile la kwenye picha aliyoibandika ukutani kwangu. Nilimwambia zitakuja springi fupi zilizotengenezwa kiwandani, nimeziagiza. Kweli nilikuwa nimeziagiza. Hazikufika. Ijumaa asubuhi alipita karakana akauliza, nami nikasema zimefika. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Alikuwa amekuja na rafiki zake wawili, akawaambia, "Huyu ni mdogo wangu, akisema, kitu kimekwisha." Ningesemaje tena mbele yao?

Nikakata zilezile za zamani kwa gesi. Unatakiwa kukata kwa msumeno, taratibu, kwa maji, na hata hivyo hazikatwi kiasi kile. Nilikuwa na haraka. Ya kulia nilipoimaliza niliona iko juu kuliko mwenzake, nikaikata nusu mzunguko zaidi, ikawa bado, nikaipasha moto hadi ikawa nyekundu, nikaikandamiza ishuke. Nilijua ninachofanya, shemeji. Mwalimu wangu wa kwanza angenifukuza siku hiyohiyo. Nikazipaka rangi nyeusi, zikang'aa. Kaka alinikumbatia. Harusini watu walilizunguka gari kuliko bibi harusi.

Alhamisi ya pili alikuja akaniambia, "Mdogo wangu, upande wa kulia unakwaruza nikikata kona." Nilikuwa chini ya gari la mtu. Sikutoa hata kichwa. Nikamjibu, "Springi mpya hukaa, kaka. Zipe wiki." Akasema sawa. Nikaviona viatu vyake vinageuka, vinaondoka. Hiyo ndiyo mara ya mwisho.

Jumatatu mkagombana, akatoka. Askari waliandika mwendo wa kasi na tairi kupasuka. Mimi nilipofika kulivuta niliingiza mkono ndani ya madigadi nikaukuta mpira bado una joto. Nikajua. Siku ya mazishi Mama alipokupigia kelele mbele ya watu, "Ulimi wako umemuua mwanangu," ulinitazama. Pengine ulitaka nikutetee, mimi uliyekuwa ukitaniana nami kila siku. Nikainamisha kichwa. Niliona kama mvua imeanza kunyesha na mtu mwingine ndiye anayelowa.

Nilikuja huku kwa sababu hiyo, wala si kwa kutafuta kazi.

Sikuombi msamaha. Ningeomba kwa mdomo gani?

Mdogo wa mumeo


26 Aprili

Shemeji,

Nimeisoma yako bandani, mlango nimeufunga kwa komeo. Nilidhani nitalia. Nilikata shati la mteja, nikakosea mkono.

Miaka sita nimeyageuza maneno yale kichwani. Nimejaribu kuyasema kwa upole, nimejaribu kuyanyamaza, kila nikiyasema upya kaka yako anatoka mlangoni anakufa. Nimeosha nguo za Mama huku nikijiambia nastahili kutendewa hivi. Wewe ulikuwa unajua. Krismasi mbili umetuma salamu kwa watu, "Msalimie Mama," na ulikuwa unajua.

Sasa sikiliza. Sitamwambia mimi. Nikimwambia atasema nimekusingizia, na akiniamini itakuwa ni mimi tena niliyemnyang'anya mtoto. Utakuja wewe, utakaa kwenye kiti mbele ya kitanda chake, utasema. Hali yake si nzuri. Daktari amesema moyo umechoka, miguu imejaa maji hadi magotini. Njoo kabla ya mwisho wa Mei.

Gari limekwisha. Bwana Nati alipata springi za kiwandani kwa mtu mwenye gari kama hili lililokufa injini. Mizunguko tisa, nimehesabu mwenyewe. Mbele kushoto 371, kulia 369. Nyuma nimepandisha kidogo, 376 na 375. Chesisi tuliipima kwa uzi kutoka pembe hadi pembe. Haijapinda hata unywele. Ulidanganya hata hapo.

Nimeliendesha. Nimepita kona ile siku tatu mfululizo, kwenda na kurudi. Lilishika barabara, likapita. Ulisema kweli, ni kona kama kona nyingine.

Fundi Cherehani


11 Mei

Shemeji,

Nimepata. Nilifunga begi mara mbili. Mara ya kwanza malori mawili yaliharibika pamoja, msimamizi akanizuia. Mara ya pili hakukuwa na kizuizi. Nilikaa juu ya begi Jumatano nzima, lori la maji likaja, likamwaga maji, likaondoka, mimi nimekaa.

Mama ameniandikia barua nyingine. Anasema mimi ndiye nuru aliyobakiwa nayo. Nitaingiaje chumbani kwa mtu aliyeandika hivyo?

Nipe hadi katikati ya Juni. Nikija nitasema yote, naapa. Barua yangu ile unayo, itunze. Nikikuangusha, itumie utakavyo.

Mdogo wa mumeo


5 Juni

Shemeji,

Mama amefariki Alhamisi iliyopita, tarehe 29. Tumemzika Jumamosi. Simu ya maandishi tuliyokupelekea ofisi ya machimbo imejibiwa kwamba umeipokea, kwa hiyo najua kwamba ulijua. Sitauliza kwa nini hukuja. Nakueleza yaliyotokea kwa sababu ni haki yako kuyabeba.

Saa tatu asubuhi pumzi ilianza kumkatikia. Midomo ikabadilika rangi. Bwana Nati alikuwa safarini na gari lake. Nikamkimbilia mwenye duka, naye gari lake limechukuliwa. Nikarudi, nikafungua mlango wa banda, nikalitoa gari la kaka yako hadi barazani, nikateremsha kiti cha abiria alale. Nikamwambia, "Mama, hospitali ni dakika kumi na tano, nakuomba."

Alinitazama. Shemeji, miaka sita hajanitazama usoni. Akasema, "Gari lililomuua mwanangu, na aliyemuua ndiye dereva. Sipandi."

Nikamwambia gari ni zima, limepimwa. Akashika nguzo ya mlango kwa mikono yote miwili. Mtu anayekufa ana nguvu, hukuwahi kuambiwa. Shangazi yenu aliyekuwa amekuja kumtazama alimsihi, Mama akakataa. Akaniuliza, kwa mara ya kwanza akaniuliza mimi na si ukuta: "Mwanangu ameandika?"

Barua yako ya tarehe 13 ilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nilikuwa natembea nayo kila siku, nikingoja uje. Ningeisoma pale. Ukurasa mmoja na nusu. Huenda angepanda gari. Nimelifikiria hilo tangu Alhamisi na sijapata jibu: huenda angepanda.

Nikasema, "Ameandika, Mama."

"Anasemaje?"

"Anasema yuko njiani anakuja."

Akatabasamu. Akaachia nguzo, akakaa chini palepale barazani, akasema basi atamngoja. Gari la kukodi lilipatikana saa saba na nusu. Saa nane kasorobo alikata roho, hatujafika hata getini kwa hospitali. Aliniacha nimshike kichwa, nadhani kwa kuwa hakujua tena ni nani.

Baada ya mazishi ukoo ulikaa ndani, sebuleni na ukumbini hadi jikoni. Baba Mkubwa akasimama. Akasema maneno ya kumshukuru marehemu, kisha akasema kuna ulimi katika nyumba hii uliozika watu wawili, na kwamba ni wakati ulimi huo utafute pa kukaa. Hakunitaja. Watu wote walijua pa kutazama.

Nilikungoja, shemeji. Mlango ulikuwa wazi. Nikahesabu hadi mia moja, kijinga tu, nikitazama njia. Halafu nikatoa barua yako mfukoni nikampa Baba Mkubwa. Nikamwambia, "Mwandiko huu unaujua. Soma kwa sauti."

Aliisoma. Ana sauti nzuri ya kusoma, unaijua. Alipofika mahali penye viatu vya kaka yako vikigeuka, alisimama, akavua miwani, akaifuta, akaendelea. Bwana Nati alikuwa mlangoni, ameinamisha kichwa.

Akaikunja barua. Akaniuliza, "Mama yao alijua?"

"Hapana."

"Wewe umekaa na barua hii tangu lini?"

"Tangu Aprili."

"Na siku ile barazani ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

Akapandisha sauti, nadhani alikuwa anatafuta mtu wa kumkasirikia na wewe hukuwepo. "Kwa nini hukumsomea, mwanamke? Angekufa anaijua haki yako!"

Nikamwambia, "Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja."

Watu wakaanza kuinuka mmojammoja, wakatoka nje, kila mtu akijifanya anatafuta viatu vyake. Nilidhani siku hiyo ikifika nitajisikia mwepesi. Sikusikia kitu. Baba Mkubwa anayo barua, atakuandikia mwenyewe atakayokuandikia; mimi nimetoka katikati yenu. Ukija, kaburi lake liko kushoto kwa la kaka yako, udongo bado haujakaa. Usinitafute. Ukinikuta, usinieleze kitu.

Niliingia jikoni kuosha vyombo, vilikuwa vingi. Shangazi yenu akanifuata. Ni yule aliyeniambia siku ya mazishi ya kaka yako kwamba nisisimame karibu na jeneza. Alisimama nyuma yangu, akachukua kitambaa, akaanza kukausha sahani. Tukafanya kazi hivyo. Sahani zikaisha. Akaniuliza, "Umekula?"

Nikakumbuka kuwa sijala tangu Alhamisi. Nikamwambia, "Bado."

Akavuta kiti, akanipakulia.

Aliyekuwa shemeji yako